Mvuke Siyo Moshi

Daktari alimchoma Yesaya sindano kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, na Yesaya akaendelea kusimulia habari za tembo.

"Sasa daktari, yule tembo kalala katikati ya lami, Mikumi pale, kichwa kakiegemeza kwenye kibao cha spidi hamsini. Nyuma yangu malori arobaini na mbili. Nikashuka. Nikamfuata mpaka sikioni, nikamwambia, mzee mwenzangu..."

Daktari akachoma kidole cha pili. Akachoma cha tatu. Akachoma unyayo.

"...mzee mwenzangu, wewe una mkonga wako, mimi nina tani thelathini za salfa zinasubiriwa Kongo. Akainuka. Akanipisha."

"Umesikia chochote?" daktari akauliza.

"Kusikia nini?"

"Nimekuchoma mara sita."

Yesaya akautazama mguu wake kama abiria aliyesahau kushuka kituoni. Mkewe, Atuganile, alikuwa amesimama pembeni ameshika soksi kwa vidole viwili. Binti yao, Nesta, alikuwa mlangoni na faili. Kidole kidogo cha baba yake kilikuwa cheusi kama kimechovywa kwenye oili chafu, na karibu na kisigino palikuwa na kidonda ukubwa wa kizibo cha soda.

"Sigara ngapi kwa siku?"

"Kumi," akasema Yesaya.

"Ishirini na tano," akasema Atuganile.

"Nyingine nawagawia watu."

"Unamgawia nani, Baba Nesta? Si uko peke yako kwenye kichwa cha lori?"

Daktari hakucheka. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza hivyo mara nyingi asubuhi ile. Mishipa ya damu huku chini imebana, mguu unakosa damu, na kinachoibana ni sigara. Aache. Siyo apunguze, aache, kuanzia hapo mlangoni. Arudi baada ya wiki sita. Kidonda kikiwa kinafunga, mguu ni wake. Kikiwa kinapanda, basi. Hapo akaweka ubavu wa kiganja chini ya goti la Yesaya, kama mtu anayetafuta pingili ya kukatia muwa.

"Huo ndio mguu wangu wa klachi," Yesaya akasema.

"Najua," akasema daktari, ambaye hakuwa akijua, na akaita mgonjwa mwingine.

*

Nyumba yao iko Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori, ambako mtu huamshwa na injini badala ya jogoo. Foleni ya kuvuka mpaka wiki ile ilikuwa imepita Mpemba. Walisema kuna kuku aliyetaga chini ya trela moja, akaatamia, akatotoa, akalea vifaranga mpaka wakaota manyoya, na trela halijasogea. Yesaya ndiye aliyekuwa akisema hivyo. Zamani angesema na watu wangecheka. Sasa alisema akiwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, na waliokuwepo walikuwa mke na binti yake tu, na wote wawili walikuwa wanachambua mchele wa Kamsamba, unaokuja na mawe yake.

Alikuwa na siku ya nne bila sigara. Alitafuna karanga, alitafuna njiti, alitafuna mfuniko wa kalamu ya Nesta mpaka ukawa bapa. Siku ya tatu alilia kwa sababu chai ilikuwa imepoa. Atuganile alipasha chai moto, akamletea tena.

Tajiri yake, Amri, alipiga simu. "Mzee Yesaya, pole sana. Gari nimempa kijana alishikilie kidogo. Mguu ukipona, ufunguo wako uko kwenye droo yangu."

"Mwambie gia ya tatu anaiomba, haisukumi."

"Nitamwambia."

Siku ya tano akaja Jastin, dereva Mzambia wa Nakonde, ng'ambo tu hapo. Miaka ishirini yeye na Yesaya walikuwa wakikutana kwenye foleni moja. Alikuwa na kiboksi alichotoka nacho Johannesburg.

"Ba Yesaya, mukwai! Nasikia wamekukataza fwaka."

"Wamenikataza tumbaku, halafu wewe unakuja unanuka hiyo hiyo. Kaa mbali. Hapana, kaa karibu."

Jastin akafungua kiboksi. Kilitoka kitu cha chuma, kizito kama kufuli la kontena, kina kioo kidogo chenye namba, vitufe viwili vya kupandisha na kushusha, na juu yake kitangi cha kioo chenye mdomo wa kuvutia.

"Hii siyo fwaka. Hapa hakuna moto, hakuna majivu, hakuna moshi. Unaweka haya maji, betri inachemsha, unavuta mvuke. Mvuke tu."

"Mvuke?" Atuganile akauliza kutoka jikoni.

"Mvuke, ba mayo. Kama wa chai."

Atuganile akafuta mikono, akaja kuangalia. Katika nyumba ile mvuke ulikuwa kitu kinachojulikana. Mafua yakiingia, homa ikiingia, kifua kikibana, watu waliingia chini ya blanketi na sufuria ya mikaratusi, malimau na tangawizi, wakatoka wamelowa chapachapa, wakaishi. Mama yake, huko kwao Mbebe, Ileje, alijifukiza mpaka akafika miaka tisini na mbili, na alipokufa alikuwa akidai blanketi. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Atuganile kwamba upo mvuke mbaya.

"Kumbe ni kujifukiza," akasema.

"Eeh, mama. Kujifukiza kwa mfukoni."

Vichupa vya maji hayo vilikuwa sita, vya ladha ya embe, kila kimoja kimeandikwa 18. Nesta akauliza kumi na nane ya nini.

"Nguvu," Jastin akasema. "Ziko za tatu na za sita. Hizo wanavuta wasichana wa chuo."

*

Mara ya kwanza Yesaya alibonyeza, akavuta, akakohoa mpaka machozi. "Inaungua! Nimevuta godoro!" Mara ya pili ilichuruzika kwenye kiganja. Siku ya pili ilikataa kabisa, kioo kikaandika maneno ya Kizungu kisha kikazima. Yesaya akaiweka mezani, akawa anaitazama. Nesta aliporudi kutoka kazini alimkuta baba yake ameshika kipisi cha sigara alichokiokota, sijui wapi, na mguu ule. Hakuwa amekiwasha. Alikuwa anakinusa.

Kesho yake Atuganile akaifunga mashine kwenye kanga, akaipeleka kwa Ashraf, fundi simu wa kibanda cha kona.

"Shikamoo, mama. Eh! Na wewe umeanza?"

"Marahaba. Ya Baba Nesta. Imegoma."

Ashraf akabonyeza mara tano harakaharaka, ikawaka. Akasoma. "Inasema haioni koili."

"Ina macho?"

"Kuwashinda wateja wangu." Akafungua kitangi, akatoa kichuma kidogo kama risasi, akapangusa kitako chake kwa spiriti. "Tazama hapa, mama. Ndani mna waya uliojikunja, hiyo ndiyo koili. Imezungushiwa pamba. Pamba inakunywa maji, waya unachemsha. Ukiwasha pamba kavu, mzee anavuta pamba iliyoungua. Kwa hiyo ukiweka koili mpya, dondoshea matone matatu, jaza tangi, halafu kaa dakika kumi. Usiguse."

"Unaloweka, kama maharage."

"Maharage yapi hayo ya dakika kumi?"

"Endelea."

"Na huku chini kuna vitundu vya hewa. Ikikoroma kama mtu mwenye kamasi, fungua vitundu, toa tangi, ikung'ute kwenye kitambaa. Vitufe hivi ni vya wati. Anza ishirini, panda polepole. Ukisikia ladha ya kuungua, shuka."

"Mwisho ngapi?"

"Koili hii imeandikwa mwisho hamsini na tano."

"Ukipandisha, inakuwaje?"

"Mvuke unaongezeka."

Ndivyo alivyojibu. Aliulizwa mvuke, akajibu mvuke.

*

Ndani ya wiki mbili Atuganile akawa fundi kumshinda Ashraf. Alijua kuloweka. Alijua kwa mlio tu kama tangi limeingiwa na maji kooni. Kimpira cha kuzuia maji kilipokatika, alimwagiza mdogo wake aliyeko Mbebe, akaletewa kimpira cha pua ya bomba la kupulizia kahawa dawa, kikakaa kama kimezaliwa pale. Betri ya mashine ilipochubuka ngozi, Ashraf alimwambia aitupe kabla haijamlipukia mzee mfukoni. Betri ya aina ile, nene na fupi, ilikuwa imebaki moja tu mle nyumbani, na ilikuwa kwenye redio ya Atuganile. Ile redio ilikaa jikoni juu ya debe la unga, na ilikuwa ikimwimbia kwaya tangu Nesta yuko darasa la tatu. Aliipindua, akaitoa betri, akairudisha redio mahali pake. Jikoni kukawa kimya. Baada ya siku mbili hakuusikia tena ule ukimya.

Asubuhi na jioni ilikuwa hivi. Anaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Anafunga madirisha. Anamfunika Yesaya miguu kwa blanketi, anampa mashine.

"Ongeza kidogo, Mama Nesta," Yesaya anasema.

Anaongeza. Ishirini na nane. Thelathini na tano. Arobaini na mbili. Chumba kinajaa, kalenda ya ukutani inapotea, halafu na ukuta wenyewe.

"Pulizia na huku," Atuganile anasema, akiinua pembe ya blanketi. Na Yesaya anainama, anapulizia mguu wake mvuke wa embe, na mkewe anafunika haraka usitoke.

Dada Roda wa kwaya alikuja kumwona mgonjwa, akafungua mlango, akarudi nyuma. "Jamani! Nyumba inaungua!"

"Haiungui, dada Roda. Karibu. Ni dawa."

"Mbona inanuka juisi?"

Akasali amefumba macho na pua, sala fupi kuliko kawaida yake, akaenda.

Kwenye kalenda Nesta alikuwa akiweka alama kila siku ambayo baba yake hakuvuta sigara. Alama zilijaa mstari, zikajaa mwezi. Hata moja haikuwa ya uongo. Yesaya alikuwa akimwonyesha kila aliyeingia, na kwenye kioo cha mashine kulikuwa na namba inayohesabu kila anapovuta, akawa anaisoma kama kilomita. "Leo nimefika Lusaka," anasema. "Leo nimepita Lubumbashi." Waliokuwepo wanasema, hongera.

Kidonda nacho kilikuwa kinasafiri. Wiki ya nne kilikuwa mdomo wa kikombe cha kahawa. Kidole cha pili kilianza rangi ya cha kwanza.

"Mama, kinapanuka," Nesta akasema jikoni.

"Uchafu unatoka. Mvuke ukivuta uchafu, lazima kwanza utoke."

"Na weusi?"

"Pitisha hilo beseni."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. Hakuwa na woga, wala hakuwa na matumaini. Alikuwa na kazi ya kufanya: maji ya chumvi, madirisha, blanketi, koili. Usiku hakuota chochote. Yesaya alisema mguu hauumi hata kidogo, na wote watatu wakalipokea jambo hilo kama habari njema. Jioni ile Atuganile alipandisha mpaka hamsini na tano.

*

"Sigara?" daktari akauliza, bado hajainua kichwa.

"Nimeacha," Yesaya akasema.

"Sema kweli, mzee."

Nesta akatoa kalenda kwenye mkoba, akaifungua mezani. Siku arobaini na mbili. Daktari akaitazama kalenda, akamtazama Yesaya, kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akampa mkono. Halafu akafungua bandeji.

Alishika unyayo kwa kiganja. Alibonyeza juu ya kifundo, akabonyeza katikati ya goko. Hakuchukua hata sindano.

"Sielewi," akasema. "Hujavuta hata moja?"

"Hata harufu yake nimesahau. Siku hizi natumia hii." Yesaya akaitoa mashine mfukoni kwa fahari, akaiweka juu ya faili lake mwenyewe. "Mvuke tu, daktari. Haina moshi."

Daktari akaichukua. Akabonyeza, kioo kikawaka. 55. Chini yake, 9,614. Akaomba kichupa, Nesta akampa, akakigeuza kwenye mwanga, akasoma maandishi yale madogo ambayo nyumba nzima ilikuwa haijayasoma.

"Hii ni nikotini," akasema. "Ndiyo iliyomo kwenye sigara, na ndiyo inayobana mishipa ya mguu. Umeacha moshi, mzee. Hujaacha sigara." Akaweka kichupa chini. "Na hamsini na tano... Mtu anayeanza haweki hivi. Nani anakutengenezea?"

Atuganile alikuwa ameshika soksi, kwa vidole viwili. Alikuwa akikiangalia kile kimpira cheusi cha bomba la kahawa kwenye shingo ya tangi, jinsi kilivyokaa vizuri.

"Fundi," Yesaya akasema.

"Fundi gani?"

"Ashraf, wa pale kona. Kijana msumbufu sana. Kila siku anaongeza tu."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Akaeleza Jumatatu, saa mbili asubuhi, asile kitu. Akaeleza mahali pa kukatia. Hakuweka tena kiganja chini ya goti. Safari hii alipaonyesha kwa kalamu, na ilikuwa juu kidogo ya pale pa mwanzo.

"Kuna mmoja umebaki," akasema wanatoka. "Na huo nao una mishipa. Mnanielewa, mama?"

"Tumekuelewa," akasema Atuganile.

*

Mguu waliomba wapewe, wakapewa, kwa karatasi na sahihi mbili. Atuganile aliuweka kwenye boksi la mafuta ya kula, akalifunga kamba ya katani, akapanda nalo gari la kwenda Ileje. Kwao kiungo cha mtu hakitupwi kama ganda la ndizi.

Konda akaligonga boksi kwa kidole. "Mama, hili linalipiwa. Ni mzigo gani?"

"Mguu."

"Wa ng'ombe? Basi utachuruzika, weka chini ya..."

"Wa mume wangu."

Konda akacheka. Akawatazama abiria wengine wacheke naye. Akamtazama tena Atuganile, na kicheko kikaisha taratibu, kama injini iliyozimwa mlimani. Hakudai nauli ya boksi. Hakudai hata ya mama mwenyewe, na kiti cha pembeni yake kilibaki wazi hadi Mbebe.

Mdogo wake alikuwa ameshachimba, kati ya migomba na kahawa. Hawakuimba. Watu waliopita walitoa pole, ndaga, wakajibiwa ndaga. Mdogo wake aliuliza kama waweke alama, Atuganile akasema hapana, mwenyewe yupo.

*

Yesaya alirudi nyumbani Jumamosi ya wiki ya pili. Stuli ilikuwa pale pale mbele ya kochi, hakuna aliyekumbuka kuiondoa, na yeye akaitazama, akaisukuma pembeni kwa gongo. Amri alikuja na kilo mbili za sukari. Hakuutaja ufunguo, na hakuulizwa. Jastin alikuja, akasimama mlangoni, akalia kwa sauti kama mwanamke wa msibani. Ikabidi Yesaya ambembeleze, akamsimulia jinsi mguu wake ulivyotoroka hospitali na kukutwa Mpemba unaomba lifti. Jastin alicheka huku analia. Atuganile alikuwa anapanga vikombe.

Wageni walipokwisha, Yesaya akakaa muda mrefu anapapasa mfuko wa shati, mtupu.

"Mama Nesta."

"Abee."

"Ile mashine iko wapi?"

"Ipo."

"Ilete hapa basi. Mara moja tu. Niweke hata ishirini."

Atuganile akainuka, akaenda kabatini, akaileta. Akamwekea kiganjani. Yesaya akabonyeza mara tano. Akabonyeza tena mara tano. Kioo kilibaki cheusi.

"Haiwaki."

"Haiwaki," akasema Atuganile.

"Imekuwaje?"

Mwanamke aliyejua kuloweka, kukung'uta, kupangusa kitako kwa spiriti, aliyeijua kwa mlio tu, akamtazama mumewe usoni.

"Sijui," akasema.

Jikoni, juu ya debe la unga, redio ilikuwa inaimba. Ilikuwa inaimba tangu asubuhi. Yesaya akageuza kichwa upande ule. Akasikiliza ubeti mzima, na kiitikio chake, mashine ikiwa kiganjani. Vidole vya mguu usiokuwepo vilikuwa vinamwasha, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Akaiweka mashine kwenye stuli.

"Ongeza kidogo, Mama Nesta," akasema.

Akaenda, akaongeza sauti.